Usimpe hela fundi wa kukuza DVD. Kanda ziko wapi?

Kama hujampa hela huyo fundi, usimpe. Kama umeshampa nusu, ihesabu sadaka, chukua DVD yako urudi nyumbani.

Nimesoma swali lako mara mbili, mara ya pili kichwa nimekishika. Mna filamu yenu ya majambazi mliyoipiga Kamalondo na Katuba mwaka 2008. Hapa Lubumbashi watu bado wanaitaja, ila imebaki DVD moja tu mliyochoma wenyewe, na sasa mnataka kuitoa upya watu waitazame majumbani mwao. Fundi kakwambia ataikuza hiyo DVD iwe HD, yaani picha kali, kwa dola 350, halafu atoe nakala 500. Na wewe unatuuliza kifuniko kiwe cha karatasi gani, uuze bei gani, maandishi ya Kifaransa uweke au uache. Kuhusu kanda mlizopigia hukuandika hata neno moja. Ndiyo maana nakujibu saa sita za usiku.

Mimi nilikuwa na filamu ya wezi wa nyaya za shaba. Tuliipiga kwa siku tisa, zote usiku, taa zetu zikiwa za pikipiki mbili za rafiki. Mkubwa wa genge ana kovu kwenye shavu la kushoto, linaanzia chini ya jicho linaishia kidevuni. Dada yangu mdogo alikuwa analichora kila jioni kwa gundi nyeupe, makaa yaliyosagwa na rangi ya mdomo kidogo. Filamu nzima imelikalia hilo kovu. Mjane hamjui aliyemuua mumewe, anachokumbuka ni kovu tu. Mwishoni kabisa, kwenye harusi, bwana mmoja anavua kofia, mwanga unamgonga shavuni, mjane anaangusha sinia la bukari, yaani ugali. Kule mtaa wa Ruashi watu walikuwa wanapiga kelele kabla sinia halijafika chini.

Fundi wangu simtaji, ana watoto. Alikuwa na kompyuta mbili na kiti kinachozunguka, na nadhani kile kiti ndicho kilichonimaliza. Nilimwambia kuna kanda kwa mama mdogo, commune ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, nizilete? Akajizungusha kidogo, akacheka. "Papa, kanda ni mambo ya wazee. Lete DVD tu, programu itajaza yenyewe kinachokosekana." Nikaamini. Mtu mzima, nina mvi, naambiwa mashine itajaza kinachokosekana na mimi naitikia ndiyo, ndiyo.

Sasa sikiliza ilivyojaza. DVD tuliyochoma zamani ilikuwa na saa mbili zilizobanwa kwenye sahani ya GB 4.7. Ukibana hivyo, sehemu za giza ndizo zinazoumia kwanza: weusi unavunjika vimraba vimraba, na filamu ya majambazi ni giza tangu mwanzo hadi mwisho. Programu ikikuta vimraba inaona uchafu, inapiga pasi. Haijui huu ni uchafu, hili ni jasho, hiki ni kidonda. Inapiga pasi vyote. Jambazi wangu akatoka na ngozi laini kama mtoto wa tangazo la sabuni. Kovu hakuna. Kwa mbali kama kivuli, ukijua pa kutazama.

Na mimi sikuangalia hadi mwisho. Niliangalia dakika kumi za mwanzo dukani kwake, mchana, kwenye televisheni kubwa inayong'aa, nikasema safi. Nakala 500 zikatoka. Fundi dola 300, nakala dola 300 nyingine, vifuniko dola 100. Dola 700, na mke wangu hadi leo anaambiwa zilikuwa 400.

Onyesho la kwanza tulifanya uani kwa jirani Katuba, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta. Tukafika harusini. Bwana akavua kofia. Mjane akaangusha sinia. Kimya. Mama mmoja akauliza, "Sasa huyu ameona nini?" Kitoto cha mbele kikamjibu: "Bukari ilikuwa ya moto." Uani kote wakacheka hadi jenereta ikawa haisikiki. Nami nilicheka, ningefanya nini.

Nakala zaidi ya 300 ziko chini ya kitanda. Nyingine nimezitundika kwenye mahindi kufukuza ndege, na huko zinafanya kazi vizuri, ndege hawana neno na kovu.

Baada ya hapo ndipo nikaenda kwa mama mdogo. Kanda kumi na moja za MiniDV, zile kanda ndogo za kidijitali za kamera, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mbili binamu alirekodi juu yake: majambazi wanaruka ukuta na furushi la nyaya, ghafla padri anammwagia mtoto maji kichwani. Tisa zilikuwa nzima. Nikaazima kamera, nikaweka kanda ya harusi. Kovu lilikuwepo, bwana. Hata gundi ilipopasuka karibu na mdomo unaona. Nilikaa chini sakafuni.

Ukubwa wa picha ni uleule, nukta 720 kwa 576, usije ukadhani kanda ina HD iliyofichwa. Tofauti ni kilichotupwa. MiniDV inaandika megabiti 25 kwa sekunde. Picha ya DVD haivuki 9.8, na ukishabana saa mbili kwenye sahani moja kama tulivyofanya, unabaki na 4 au 5. Kilichotupwa siku ile unachoma hakirudi, hata ulete kompyuta ya aina gani. Hata wakubwa wanarudi nyuma. El Mariachi ya Robert Rodriguez, ya mwaka 1992, ilipigwa kwa dola kama 7000, nia yake ikiwa soko la video za Kihispania. Aliipiga kwa filamu ya milimita 16 lakini akaihariri kwenye video. Kampuni ya filamu ya Columbia walipoinunua ili iende kwenye majumba ya sinema, hawakuikuza ile video. Walirudi kwenye filamu ya milimita 16, wakatoa nakala ya milimita 35 kutoka huko. Na hao wana hela za kununua viti vinavyozunguka elfu!

Kwa hiyo tafuta kanda. Uliza kila mtu: mpiga picha, mke wa mpiga picha, aliyehariri. Huyo aliyehariri muulize zaidi ya wote, kwa sababu zamani wengi wakimaliza kuhariri walikuwa wanarudisha filamu nzima kwenye kanda. Ukiipata hiyo umepona. Ukikosa, utahariri upya kutoka kanda mbichi huku DVD ikiwa ramani yako, kata baada ya kata. Mimi ilinichukua miezi mitatu, na pale kwenye ubatizo ilibidi nitumie DVD hivyohivyo.

Kuhamisha: kamera ya MiniDV inayocheza, waya wa FireWire (Sony wanauita i.LINK), na kompyuta ya zamani yenye tundu lake, hizi mpya hazina. Usitumie USB ya kamera, nyingi zinatoa kipicha dhaifu tu. Programu ya kuhamishia, WinDV, ni ya bure na inatosha. Kanda ya saa moja inachukua saa moja kamili, inakula kama GB 13. Kanda ikiwa na ukungu mweupe usiiingize kwenye kamera, utaharibu kichwa cha kamera, kile kinachosoma kanda, na kanda zote zitakazofuata. Na ziendeshe kwanza mbele hadi mwisho, kisha zirudishe, kabla ya kuzicheza, maana zimekaa miaka zimegandana. Umeme ulinikatikia mara mbili katikati ya kanda, nikaanza upya. Sasa nafanya usiku wa manane.

Mistari kama meno ya kitana watu wakikimbia kwenye picha isikutishe, hivyo ndivyo kamera zile zilivyoandika, nusu-picha 50 kwa sekunde. Hifadhi hivyohivyo. Ukitaka kulainisha mistari hiyo, kuna programu ya QTGMC, nayo ni ya bure, lakini fanya kwenye nakala, na tazama hadi mwisho, usiku, taa umezima.

Kifuniko: karatasi yoyote, weka sura ya jambazi kubwa. Bei: mimi niliuza franka 5000, walionunua ni ndugu na watu wa kanisa. Vijana wanataka kwenye flash, fikiria hilo.

Kamera yangu kwa sasa iko kwa fundi Kamalondo anasafisha kichwa, Ijumaa anarudisha. Ukitaka kuiazima njoo Jumamosi na kanda zako. DVD iache nyumbani.