Kipimo kimoja cha presha kinatosha mtu kuitwa mgonjwa?

SWALI: Daktari, mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Juzi tulipima presha watu 60 bila malipo, na 21 kati yao mashine ilionyesha 140/90 au zaidi. Nilitaka kuwaambia wana ugonjwa wa presha, muuguzi msimamizi akanizuia. Nao wenyewe wanasema hawaumwi popote. Nani yuko sahihi?

JIBU: Muuguzi alifanya vizuri kukuzuia. Lakini kama hao 21 mliwaacha waende zao bila kuwapa siku ya kurudi, mmekosea wote wawili.

Shinikizo la damu halithibitishwi kwa siku moja. Shirika la Afya Duniani linataka lipimwe siku mbili tofauti, na siku zote mbili namba ya juu iwe 140 au zaidi, au ya chini iwe 90 au zaidi. Presha hupanda na kushuka kutwa nzima, na upimaji mbaya huipotosha zaidi. Watu wenu walikaa wametulia dakika 5 kabla ya kupimwa? Mgongo uliegemea kiti, miguu ikakanyaga chini bila kupishana, mkono ukalazwa mezani usawa wa moyo? Na ule mkanda wa mashine, mlikuwa nao wa saizi moja tu? Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ilivyo, na hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi. Kibofu kilichojaa, sigara au kahawa nusu saa kabla, hata kupiga soga na anayepima, vyote hupandisha. Na kwenye foleni ya kupima bure, soga haikosekani!

Hilo la "siumwi popote" ndilo zito. Presha kwa kawaida haina dalili. Duniani watu wazima wenye presha wanazidi bilioni moja, karibu nusu yao hawajui kuwa wanayo, na takriban theluthi mbili wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengine huja kuijua siku ya kiharusi. Kwa hiyo usiwaambie kwamba kichwa kikiuma ndiyo presha. Siku kisipouma, wataacha dawa.

Sema hivi: "Leo namba yako iko juu, tunataka kuipima tena ili tujue." Mwandikie namba hiyo kwenye karatasi, pamoja na siku na kituo cha kwenda. Anayefika 180/120 mpumzishe, mpime tena, na ikibaki hapo aende hospitali siku hiyo hiyo. Akiwa na maumivu ya kifua, anahema kwa shida, amelegea upande mmoja au maneno hayamtoki sawasawa, hiyo ni dharura, msipoteze muda kurudia kupima.

Chumvi waelezeni leo leo, wote 60: chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa kwenye vyakula vya viwandani. Hiyo haingoji kipimo cha pili.