Shafti inatetemeka na safari ni ya Afrika Kusini: pima kabla hujang'oa nanga

Mdogo wangu wa Mtwapa, umesema umepata nafasi ya ubaharia kwenye yoti inayotoka Kilifi kwenda Afrika Kusini, kwamba shafti, ile fimbo inayozungusha propela, inatetemeka injini ikipandishwa kasi, na mwenye chombo anakwambia "tutatengeneza huko mbele, kuna marina nzuri". Unauliza ujitayarishe vipi. Njia hiyo niliipita mwaka 2023, na ugonjwa ulikuwa huo huo. Nitakuandikia kwa urefu, kwa sababu siku 19 tulizokaa nchi kavu Richards Bay, bandari ya Afrika Kusini, zilipaswa kuwa tatu au nne tu.

Kwanza, huko mbele ni wapi? Tulitoka Kilifi mwishoni mwa Septemba, kusi ikilegea. Mpaka Nosy Be, kaskazini-magharibi mwa Madagascar, ni zaidi ya maili 750 za bahari ukipiga mstari kwenye ramani. Baharini mstari huo haupo. Upepo unatoka kule kule unakokwenda, na mkondo wa pwani yetu unakurudisha kaskazini. Tulipiga bisho mchana na usiku, na upepo ukilala tunawasha injini. Hapo ndipo bushi ya shafti, bomba fupi linaloishikilia shafti upande wa propela, ilipokwisha. Tetemeko lililokuwa likichezesha chai kikombeni likahamia kwenye sakafu, na glandi, kizibo kinachozuia maji pale shafti inapopita kwenda nje, iliyokuwa ikidondosha tone moja moja ikaanza kutoa mchirizi. Kila zamu nilikuwa nainua ubao na kutazama kwa tochi.

Mayotte ilikuwa karibu. Ni mkoa wa Ufaransa tangu 2011, na lugha yao ya Kishimaore ukitega sikio unaokota maneno mengi tu. Mzee mwenye chombo, kwa pasipoti yake ya Ulaya, alitaka tuingie. Mimi kwa pasipoti ya Kenya nilihitaji viza iliyoombwa mapema, na viza ya kawaida ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, peke yake haikutosha, kwani Mayotte haimo ndani ya Schengen. Tukaiacha, maji yakiingia. Kwa hiyo kaeni na mzee wako mfungue ramani sasa, muandike ni bandari zipi ambazo kila aliyemo chomboni anaruhusiwa kushuka. Pasipoti iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo itakayochagua karakana. Madagascar viza tulipata pale pale Hell-Ville, bandari ya kuingilia Nosy Be. Afrika Kusini, tangu Januari 2023, Wakenya tunaingia bila viza kwa siku 90 kwa mwaka. Lakini ujue kwamba chombo kikiwa juu ya magogo wewe bado uko kwenye orodha ya mabaharia. Ukitaka kurudi nyumbani kwa ndege, nahodha akutoe kwenye orodha hiyo rasmi mbele ya uhamiaji, na karatasi uibebe wewe mwenyewe.

Nosy Be nilizamia. Niliishika propela nikaisukuma juu na chini, na shafti ikacheza kama jino bovu. Kule na Mahajanga, bandari nyingine ya Madagascar, majahazi ni tele, na mafundi wa mbao nawavulia kofia. Maji ya bamvua yakipwa chombo kinalala mchangani, wanakalafati, maji yakijaa kinaelea. Yoti yenye mkuku mrefu mwembamba hailazwi hivyo, na bushi ya aina yetu hapakuwa na wa kutuuzia. Tukaibana glandi kidogo, tukakubaliana injini tuitumie kwa kuingia na kutoka bandarini tu, tukatweka. Kutoka pale mpaka Richards Bay ni kama maili 1,300. Kipande cha mwisho usikiharakishe hata siku moja: mkondo wa Agulhas unashuka kusini-magharibi kwa nguvu, na upepo wa kusini-magharibi ukiukabili, mawimbi yanasimama kama kuta. Mtu ambaye injini yake si ya kutegemea asubiri hali ya hewa ya uhakika.

Sasa kosa lenyewe. Tukiwa bado Nosy Be, mzee aliiandikia karakana moja ya Richards Bay kwamba shafti yetu ni milimita 32. Aliipima kwa futi ya fundi cherehani. Wale wakaagiza bushi ya 32, na siku ile ile tuliyofika wakatuinua, wakatusimamisha juu ya magogo na mihimili ya chuma, wakavua propela, wakavuta shafti. Bushi ikaja siku ya tatu. Nje ilikuwa milimita 45 na haikuingia kwenye bomba lake. Ndani ilipwaya. Nikaenda kuazima venia, kile kipimo cha chuma cha kubana, kwa jirani, nikaifuta shafti vizuri, nikapima mahali patatu: 31.75. Ile ni inchi moja na robo. Nikapima bomba: 44.45, inchi moja na robo tatu. Chombo kilijengwa kwa inchi, na sisi tulikuwa tumeagiza kwa milimita. Tofauti ya nje ni nusu milimita na ushei, huioni kwa jicho, na ndiyo iliyotuweka pale.

Ungesema basi kishushwe, tusubiri majini. Hakishuki! Chombo kilichotolewa shafti kina tundu chini ya maji. Kila siku inayopita unalipia nafasi ya nchi kavu, unapanda ngazi mita tatu kwenda kulala, choo ni cha mwisho wa yadi, na mwaka ule Afrika Kusini mgao wa umeme ulikuwa mkali, kwa hiyo hata mafundi walifanya kazi kwa saa walizobakishiwa. Hii ndiyo sababu nasisitiza kuliko neno jingine lolote: chombo kisiinuliwe mpaka kipuri kiwe mkononi mwako na umekipima wewe. Karakana itakwambia inua sasa, nafasi itachukuliwa. Iache ichukuliwe.

Bushi sahihi iliagizwa ng'ambo ikaja kwa ndege, halafu ikakaa forodhani kwa sababu kwenye bahasha paliandikwa jina la mzee na anwani ya karakana tu. Nchi nyingi zina utaratibu wa kupunguza au kusamehe ushuru wa vipuri vya chombo cha kigeni kilicho safarini, ila lazima karatasi zioneshe hivyo: jina la chombo, bendera yake, na nakala ya kibali mlichopewa forodhani mlipoingia. Mwambieni muuzaji aandike hayo kabla hajafunga mzigo.

Kuiweka kwenyewe nilisimamia kwa macho yangu, na fundi aliyeletwa safari hii alikuwa mwenye subira. Bushi hiyo ni bomba la shaba lenye mpira ndani, mpira una mifereji, na maji ya bahari ndiyo mafuta yake. Tuliilaza usiku mzima kwenye friza ya mama anayeuza vitafunio getini, na tukamwomba asiifungue umeme ukikatika. Asubuhi ilitoka nyeupe kwa barafu, imejikunja kidogo kwa baridi. Fundi hakugusa nyundo. Alipitisha fimbo ndefu ya nati katikati, akaweka vibati vinene huku na huku, akakaza robo mzunguko, akasubiri, akakaza tena. Iliingia taratibu kama droo ya kabati jipya. Shafti tulipoirudisha tulipaka maji ya sabuni ya vyombo. Mtu akija na grisi mzuie, mafuta yanaharibu ule mpira. Na skrubu ya kuifungia iishie kwenye shaba, isitoboe mpaka kwenye mpira.

Kwa kuwa uko juu, kagua valvu zote za chini na ubadilishe zinki, vile vipande vinavyoliwa na maji ya chumvi badala ya propela na shafti. Hayo ni ya nusu siku. Siku ya kushua, kabla mikanda ya kreni haijalegezwa, ingia ndani uwe umeshika tochi kwenye glandi. Maji yakiingia, wakuinue papo hapo. Na wakitaka kulinganisha injini na shafti kikiwa bado nchi kavu, kataa kwa adabu. Chombo kikielea kinajinyoosha kivyake. Sisi tulikaa majini siku mbili, ndipo tukapima nafasi kati ya sahani mbili zinazounganisha shafti na giaboksi kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, tukasogeza miguu ya injini mpaka ikawa sawa pande zote nne. Tangu hapo chai ilitulia kikombeni mpaka Durban.

Wewe bado uko Kilifi, na bado una nafasi. Kipenyo cha shafti hakihitaji kuzamia: ingia chini ya sakafu, kati ya giaboksi na glandi, futa kutu na grisi, pima kwa venia mara tatu, usitumie futi. Halafu maji yakitulia horini, zamia na miwani utazame mwisho wa bushi, upime upana wake wa nje na urefu wake. Ukipata namba hizo, mshawishi mzee aagize mbili sasa, moja ya kufunga kabla ya safari na moja ya akiba. Na uniandikie namba zenyewe hapa, pamoja na nchi chombo kilikojengwa. Ikiwa ni inchi moja na robo, ile bushi yetu ya akiba ninayo nyumbani, ingali kwenye nailoni yake. Njoo uichukue.