Kizunguzungu kinasikika, kwani kina sauti?

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Shikamoo mwalimu. Nilimwambia dokta nasikia kizunguzungu, binti yangu wa form two akanirekebisha palepale, eti kizunguzungu hakina sauti, niseme nahisi. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Uko sahihi wewe mama. Neno lenyewe halina siri, ni zunguka hiyohiyo, imerudiwa maana kitu chenyewe hakizunguki mara moja kikaacha, ikavishwa ki- basi.

Ila umenichokoza, maana hii "nahisi" imezagaa hadi inatia kinyaa. Nahisi njaa, nahisi baridi, nahisi usingizi. Kuhisi tumeitoa kwa Waarabu, ni neno zuri tu, nahisi mvua itanyesha, sawa, lakini kusikia tangu zamani hatukuifungia masikioni. Tunasikia njaa, tunasikia usingizi, tunasikia harufu. Hiyo harufu sasa! Unapita uchochoroni jioni mtu anakaanga samaki, unasema nasikia harufu ya samaki, na sijaona mtu akauliza samaki kasemaje. Kunusa ni kazi, unapeleka pua mwenyewe, unafunua sufuria unainama, kusikia harufu kunakufuata umekaa zako barazani. Ukiniambia "nahisi harufu ya samaki" mi naelewa huna uhakika, pengine ni dagaa, pengine ni soksi za jirani.

Na kinachonichekesha zaidi, hata tukiwakubalia hao wa masikio tu, kwa kizunguzungu bado wameumia, mara nyingi kinaanzia sikioni kweli! Ndani kabisa ya kila sikio kuna vijimirija 3 vyenye majimaji, kichwa kikigeuka majimaji yanachelewa, ubongo unapata habari, unaiamuru misuli 6 ya kila jicho igeuze jicho upande wa pili ili unachotazama kisikutoroke. Jaribu sasa hivi, shika simu tikisa kichwa huku unasoma hapa, maandishi yametulia. Haya tuliza kichwa utikise simu kwa kasi ileile, husomi kitu. Ndo maana mtoto akijizungusha uwanjani akasimama ghafla anakwenda chini, majimaji bado yanatembea, ubongo unaamini bado anazunguka, macho yanarukaruka. Dokta mmoja wa Vienna, Robert Bárány, alikuwa akiwasafisha wagonjwa masikio kwa maji, yakiwa ya baridi mtu anapata kizunguzungu na macho yanacheza, yakiwa ya moto vilevile ila macho yanachezea upande mwingine, akafuatilia hadi akapewa tuzo ya Nobel ya 1914. Kwa sikio hilohilo binti yako analoliona halihusiki.

"Naona kizunguzungu" nayo ruksa, wengi wanasema na macho yamo kwenye kesi. "Nafili kizunguzungu" niliyoikuta kwenye daladala juzi sijaulizwa, na naomba nisiulizwe.