Pipi za minti za Krismasi bila oveni

Pole dada. Umesema ulitia siagi na maziwa ya kawaida, pipi zikabaki kunata mpaka asubuhi. Kwa joto la Moshi mwezi Desemba siagi haishiki, iache kabisa.

Chekecha gramu 250 za sukari ya unga, tia vijiko vikubwa 4 vya maziwa mazito ya kopo na matone machache ya arki ya minti. Onja kabla ya kuongeza, maana minti ikizidi inachoma ulimi na huwezi kuitoa tena. Na tafadhali iwe arki ya chakula, si mafuta ya minti ya kujipaka. Hapo usibahatishe, watakaokula ni watoto.

Kanda mpaka donge liache mkono. Likipasuka pembeni, ongeza tone la maziwa. Likinata, sukari kidogo. Finyanga vidonge, bonyeza kila kimoja kwa uma uliochovywa kwenye sukari. Ile mistari ndiyo watoto wanayoipenda. Panga kwenye karatasi ya kuokea, funika kwa neti, ziache usiku kucha. Asubuhi zigeuze, upande wa chini nao ukauke. Friji achana nayo, ukizitoa zitashika unyevu zinate upya.

Ukizitengeneza tarehe 22 utazikuta safi kabisa siku ya sikukuu.