Jiji linadai mwenye nyumba lazima aishi hapo: je, linaruhusiwa?

Dada, pole na usumbufu. Umesema jiji lenu huko California limekataa kibanda, yaani nyumba ndogo ya kuishi, cha kupangisha nyuma ya nyumba yako kwa sababu mbili: huishi kwenye kiwanja hicho, na kibanda kiko futi tano tu kutoka kwenye mpaka wa nyuma, ilhali sheria ndogo yao inataka kumi.

Usiuze kiwanja bado. Katiba ya California inaruhusu miji kutunga sheria ndogo, mradi zisipingane na sheria za jimbo. Kwa vibanda hivi jimbo limekwenda mbali zaidi: sheria ndogo isiyolingana na yake huhesabiwa batili, na viwango vya jimbo ndivyo vinavyotumika. Umbali wa pembeni na nyuma usidaiwe zaidi ya futi nne. Sharti la mwenye nyumba kuishi hapo nalo liliondolewa. Tangu 2024 marufuku ya miji kudai sharti hilo ni ya kudumu.

Waombe sababu zote za kukataa kwa maandishi, pamoja na maelezo ya namna ya kurekebisha. Wanawajibika kukupa, ndani ya siku 60 tangu ombi lilipokamilika. Kisha iandikie idara ya makazi ya jimbo, ambayo hukagua sheria hizi ndogo, na ukazungumze kwenye kikao cha wazi cha baraza la jiji. Kwa kweli hili la baraza ndilo ningelipa uzito zaidi, maana wasipoirekebisha sheria yenyewe, jirani yako atakataliwa vilevile.