Jibu: tasnifu ya ugaidi bila mahojiano
Ndugu, umeuliza kama tasnifu ya uzamili kuhusu ugaidi inawezekana bila kuwahoji waliowahi kuwa wanamgambo. Inawezekana kabisa, na kibali cha kamati ya maadili utakipata kwa urahisi zaidi. Anza na Global Terrorism Database, hifadhidata ya mashambulizi ya kigaidi duniani ya Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, yenye matukio tangu 1970. Kuwa makini: mwaka 1993 haumo kwenye faili kuu kwa sababu rekodi zake zilipotea, hivyo usichore grafu kana kwamba mashambulizi yalikoma. Hukumu za mahakama nazo ni hazina, maana mara nyingi ushahidi wa polisi umeshapingwa humo na mawakili wa utetezi. Ila miongozo ya kutengeneza mabomu usiipakue kiholela. Uingereza inaweza kukuingiza kwenye kifungu cha 58 cha Sheria ya Ugaidi ya 2000, kinachokataza kukusanya au kuwa na taarifa zinazoweza kumsaidia gaidi bila sababu ya msingi. Ongea kwanza na msimamizi wako.