Je, hofu na msongo wa mawazo ni dalili ya udhaifu wa imani?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullah, Sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza nguo sokoni hapa Tanga. Nilichukua mkopo niongeze mtaji, biashara haikwenda, nikachukua mwingine kulipa ule wa kwanza. Sasa nadaiwa na watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, na kikundi chetu cha akina mama. Simu ikiita moyo unapasuka. Usiku sipati usingizi, naamka naswali tahajudi, kisha nakaa nawaza mpaka naisikia adhana ya Alfajiri. Mchana sina nguvu hata ya kufungua kibanda. Dada mmoja kwenye darsa ameniambia muumini wa kweli hana msongo wa mawazo, akanisomea aya ya mawalii wa Allah kwamba hawana khofu wala hawahuzuniki. Tangu siku hiyo naona hata imani yangu imeharibika. Kuna usiku natamani nilale nisiamke. Je, khofu hii ni dhambi? Na nifanye nini nirudishe ari ya kazi na ya ibada?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Dada yangu, nitaanza na jambo ulilolitaja mwisho, kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kutamani mauti kwa ajili ya dhara lililomfika, kisha akasema kwamba asiyekuwa na budi aseme: "Ewe Allah, niweke hai maadamu uhai ni kheri kwangu, na nifishe ikiwa mauti ni kheri kwangu." Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Alijua kuwa katika umma wake watakuwepo watu watakaobanwa mpaka wafike hapo. Hakuwaambia wametoka kwenye dini, bali aliwapa maneno ya kusema. Isome dua hiyo, lakini usibaki nayo peke yako gizani. Leo, kabla ya kulala, mwambie mtu wako wa karibu kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi: mama, dada, mume, au jirani unayemwamini. Na kesho akusindikize hospitali, umweleze daktari kuhusu usingizi, moyo kwenda mbio na hilo la kutamani usiamke. Fikra ya kujidhuru ikikujia kwa nguvu, usingoje kesho. Nendeni usiku huo huo. Watu wetu wakisikia matibabu ya akili wanawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, peke yake, lakini hata hospitali za kawaida zinapokea wagonjwa wa namna hii, nao wanatibiwa na kurudi nyumbani. Mtume alipoulizwa na mabedui kama wajitibu alisema: "Jitibuni, enyi waja wa Allah, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa." Atakayekwambia kwamba kwenda kwa daktari ni kukosa tawakkul, yaani kumtegemea Allah, msomee hadithi hiyo.

Sasa nije kwenye aya uliyosomewa. Ipo katika Surat Yunus, aya ya 62, nayo ni haki. Ila Ibn Kathir na wafasiri wengine wameeleza kuwa maana yake ni kwamba mawalii wa Allah hawana khofu juu ya vitisho watakavyovikabili Akhera, wala hawahuzuniki kwa walivyoviacha nyuma duniani. Ni bishara ya mwisho wao. Haisemi kwamba walipokuwa hapa duniani mioyo yao haikutetemeka. Ingekuwa hivyo, tungewafanyaje Mitume, ambao Qur'ani yenyewe inatusimulia jinsi walivyoogopa na walivyolia? Yaakub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, naye ni Nabii. Mtume wetu (s.a.w.) alirudi kutoka pango la Hira moyo ukimtetema, akamwambia Bi Khadija: "Nifunikeni, nifunikeni." Huyo dada wa darsa nadhani alitaka kukupa moyo. Lakini kumsomea aya ya bishara mtu aliyeelemewa ili imhukumu ni kuiweka aya mahali pasipo pake, na wanaodarsisha watahadhari sana na jambo hili.

Khofu iliyo dhambi ni ile inayomfanya mtu amuabudu asiyekuwa Allah, au aache wajibu, au aingie kwenye haramu. Khofu ya mdai, ya ugonjwa, ya watoto kulala njaa ni tabia ya mwanadamu, wala Allah hamuandikii mtu dhambi kwa mapigo ya moyo wake. Bali Mtume amesema haumpati Muislamu uchovu, wala maradhi, wala hamu (yaani wasiwasi), wala huzuni, wala udhia, hata mwiba unaomchoma, ila Allah humfutia kwacho katika makosa yake. Hayo mawazo yanayokutesa usiku yametajwa humo.

Nakuomba ufungue Surat Al-Qasas. Soma kuanzia aya ya 7 kwa tafsiri ya Kiswahili, taratibu. Kuna mama humo. Firauni anaua watoto wa kiume wa Bani Israil, na mama huyu ana kichanga. Allah anamfunulia: mnyonyeshe, na ukimkhofia mtie mtoni, usiogope wala usihuzunike, hakika Sisi tutamrudisha kwako. Ahadi imetoka kwa Allah mwenyewe, tena wazi. Pamoja na hayo, aya ya 10 inasema moyo wa mama yake Musa ukawa mtupu, akakaribia kumdhihirisha mwanawe lau kama Allah asingeutia nguvu moyo wake, apate kuwa miongoni mwa waumini. Mama aliyeahidiwa na Mola wake, moyo wake ulibaki mtupu. Na bado Qur'ani imemtaja pamoja na waumini! Halafu tazama alichofanya katika hali hiyo. Hakungoja moyo utulie ndipo aanze. Alimwambia binti yake: mfuatie. Jambo dogo lililokuwa ndani ya uwezo wake alilifanya huku moyo ukiwa vile vile, na kwa njia hiyo mtoto akarudi kunyonya ziwa la mama yake.

Endelea mpaka aya ya 21. Mtoto yule sasa ni kijana, amempiga mtu ngumi akafa, na wakubwa wa mji wanashauriana kumuua. Qur'ani inasema akatoka humo akiwa na khofu, akiangalia huku na huku. Huyu ni Musa (a.s.), atakayesemeshwa na Allah. Anafika Madyan hana nyumba, hana kazi, hana ndugu, na roho yake inatafutwa. Pale kisimani anakuta watu wananywesha mifugo, na wanawake wawili wamekaa pembeni wakiwazuia wanyama wao. Anawauliza, "Mna nini?" Wanamjibu kwamba hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana. Basi akawanyweshea. Mtu mwenye hali kama yake angekuwa na udhuru wa kujilaza tu! Alifanya kazi iliyokuwa mbele yake, haikuwa na malipo, ndipo akaenda kivulini, akasema: "Mola wangu, hakika mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia."

Dua hiyo, aya ya 24, ihifadhi. Hakumpangia Allah namna ya kumtoa, alitaja uhitaji wake tu. Kilichofuata unakijua: mmoja wa wale mabinti alikuja akitembea kwa haya, akamwita kwa baba yake, na mzee baada ya kusikia kisa chote akamwambia, "Usiogope, umeokoka." Akapata makazi, akapata mke, akapata mkataba wa kazi wa miaka 8, na akitaka kukamilisha 10 ni hiari yake. Vyote vilipitia kwenye ile kazi ndogo ya kunywesha mifugo ya watu.

Na khofu yake je, iliisha? Haikuisha. Baada ya miaka yote hiyo, Allah anamtuma kwa Firauni naye anasema, aya ya 33: Mola wangu, mimi nimeua mtu katika wao, nachelea wasije wakaniua. Akaomba apewe ndugu yake Harun awe msaidizi. Allah hakumkemea kwa kuogopa, wala kwa kuomba mtu wa kumsaidia. Alimwambia, "Tutautia nguvu mkono wako kwa ndugu yako." Ndiyo maana nimesisitiza umwambie mtu. Kumtafuta Harun wako ni katika mwenendo wa Mitume.

Kwa hiyo, kwenye kibanda chako, usingoje ari irudi kwanza. Kesho ukitoka hospitali, au keshokutwa, kafungue kibanda kwa saa chache tu hata kama mikono inatetemeka, mwombe mwenzako wa jirani akae nawe, panga nguo, mhudumie atakayekuja, kisha urudi nyumbani. Mtume (s.a.w.) amesema: "Pupia lile litakalokunufaisha, mtake msaada Allah, wala usikate tamaa. Na likikupata jambo usiseme: lau ningefanya kadha ingekuwa kadha." Ameipokea Muslim. Ule mkopo wa kwanza umeshachukuliwa. Kurudia kila usiku kwamba lau usingeuchukua hakupunguzi hata shilingi moja, na Mtume ametueleza kuwa hiyo "lau" humfungulia shetani kazi yake.

Katika ibada, nakushauri jambo ambalo huenda likakushangaza: kwa sasa punguza tahajudi, ulale. Mtume aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa kati ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya mkewe Zaynab, akichoka kuswali hujishikilia hapo. Akasema: "Hapana, ifungueni. Mmoja wenu aswali akiwa na uchangamfu, akichoka na akae." Wewe unasimama usiku, kisha unakesha na mawazo, mchana mwili umekwisha. Swala tano kwa wakati wake, witri kabla ya kulala, adhkari za asubuhi na jioni, zakutosha mpaka afya itengemae. Amali anayoipenda zaidi Allah ni ile inayodumu hata ikiwa chache, na uchovu katika ibada humpitia kila mja. Ongeza hapo dua aliyokuwa akiisoma sana Mtume, kama alivyopokea Anas: "Allahumma inni a'udhu bika minal hammi wal hazan, wal 'ajzi wal kasal, wal bukhli wal jubn, wa dhala'id dayni wa ghalabatir rijaal." Ndani yake anajikinga kwa Allah na hamu na huzuni, kushindwa na uvivu, ubakhili na woga, uzito wa deni na kuonewa na watu. Karibu kila ulichoniandikia kimo humo, na aliyeiomba sana ni mbora wa viumbe.

Limebaki deni, na deni haliondoki kwa nyiradi pekee. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika madeni. Chukua daftari, uandike kila anayekudai, kiasi ulichopokea mkononi, ulichokwisha kulipa na kilichobaki. Msongo mwingi unatokana na kutojua jumla. Mtaji uliopewa ni haki ya watu, lazima urudi. Riba ni haramu, tubu kwa kuiingia, na kuanzia leo usichukue mkopo wa kulipia mkopo, hata ukiahidiwa kupata pesa kwa dakika tano kwenye simu. Mwite mtu mzima wa familia au imamu wenu mwende naye kwa wanaokudai, muombe mpangilio wa kulipa kidogo kidogo, na makubaliano yaandikwe. Tena ujue kwamba kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kwa biashara anatakiwa awe na leseni. Anayekutisha au kubeba vyombo vyako bila utaratibu, peleka malalamiko serikali ya mtaa na polisi, usimkabili peke yako. Na simu ipokee ukiwa umekaa na mtu, useme yale yaliyo kwenye daftari lako, basi. Wanaodai nao wakumbuke neno la Allah katika Al-Baqara 280: akiwa mdaiwa ana dhiki, apewe muhula mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora kwao.

Jambo la mwisho ambalo akina mama wengi hawalijui, au wanaona haya kulidai: katika watu wanane waliotajwa kwenye Surat At-Tawba aya ya 60 kuwa wanastahiki zaka, wamo wenye madeni. Ikiwa huna cha kulipia, hiyo ni haki uliyopewa na Allah. Nenda na daftari lako kwa imamu wa msikiti wenu au kwa kamati inayokusanya zaka, waeleze hali yako. Hata wakisema hawana kwa sasa, waachie jina lako waliandike. Nami nawaomba maimamu watakaosoma jibu hili wasimrudishe mama wa namna hii kwa nasaha ya subira tupu wakati sanduku la zaka lina kitu.

Allah akufungulie dhiki yako, akupe usingizi, akulindie wanao. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.